Kura ya Mke Wangu Uingereza

Mke wangu alipokwenda Uingereza kutunza wazee, mimi nilibaki Kericho nikifuata siasa za Waingereza kama wenzangu kazini wanavyofuata mpira wao. Nilijua waziri yupi yuko karibu kuondolewa, chama kipi kinagombana chenyewe kwa chenyewe, na mbunge gani akisimama hawezi kukaa kabla hajataja wageni. Kila Jumatano saa nane mchana, waziri mkuu wao anapoulizwa maswali bungeni, nilikuwa nimekaa juu ya magunia matupu nyuma ya stoo ya kiwanda cha chai. Waya wa simu ulikuwa kwenye sikio moja, na sikio la pili nimeliacha wazi nisikie supavaisa akija.

Sikuwa mtu wa siasa. Hata za kwetu nilikuwa nimezichoka zamani. Baba yangu alitoka upande wa ziwa akiwa kijana, akaja huku kuchuma chai, na mimi nikazaliwa katika nyumba za laini, zile za wafanyakazi zilizopangwa mstari mmoja kando ya shamba. Nikasoma huku, nikapata kazi ya ukarani wa stoo, nikaoa huku. Mke wangu ni Mkipsigis wa Siongiroi. Tulikutana kwenye zahanati ya shamba, ambako alikuwa msaidizi wa wauguzi, siku niliyopelekwa nikiwa nimebanwa kidole na toroli. Tuna mtoto mmoja, msichana.

Mashine za kuchuma chai zilipoletwa, watu wakapungua. Kila mwezi nyumba kadhaa za laini zilifungwa kwa kufuli, na nyasi zikaanza kuota mlangoni. Zahanati iliyokuwa na watumishi sita ikabaki na muuguzi mmoja. Mke wangu akawa miongoni mwa walioambiwa waende nyumbani. Wakati huohuo kila mtu Kericho alikuwa na dada au binamu aliyekwenda Uingereza kutunza wazee, kwa sababu huko walikuwa wanatafuta watu, na sheria ilimruhusu mtunzaji kwenda na mume wake na watoto. Mke wangu akasoma kozi fupi, akafanya mahojiano kwa simu, akapata barua kutoka nyumba moja ya wazee katika mji mdogo ulio kando ya bahari yao ya baridi.

Hapa ndipo lilipo kosa langu, na siwezi kulisingizia bunge lolote. Yeye alitaka twende mara moja. Mimi nikamwambia tungoje kidogo. Mama yangu alikuwa mgonjwa nyumbani, hilo ni kweli, lakini haikuwa sababu yote. Niliogopa. Nilijiona nimekaa ndani ya nyumba ya kupanga katika nchi nisiyoijua, mke anatoka alfajiri, mimi namngoja arudi. Nikasema tumalize Krismasi kwanza, halafu mtoto amalize muhula. Tukiwa bado tunangoja, serikali yao ikatangaza kwamba watunzaji wa wazee watakaoomba kuanzia majira yao ya kuchipua, yaani Machi, hawataruhusiwa tena kwenda na familia zao. Sasa tukaanza kukimbia. Tukaenda Nairobi kwa kipimo cha kifua kikuu, tukaomba cheti cha polisi cha tabia njema. Cheti kikachelewa. Kilipofika, ule mlango ulikuwa umefungwa siku chache tu kabla.

Tulikaa jikoni, yeye na mimi, ile barua ikiwa mezani. Akaniuliza aende au asiende. Nikamwambia aende. Nilimwambia sheria iliyoandikwa na watu hubadilishwa na watu, na kwamba huko kwao uchaguzi uko karibu, na walio madarakani wakishindwa, watakaokuja wataufungua mlango tena. Nilisema hivyo kwa sauti ya mtu anayejua. Sikuwa najua chochote. Alipoondoka ndipo nilipoanza kusikiliza, ili neno langu lisije likawa uongo.

Kazi yake aliniambia kidogokidogo, jioni, akiwa amekaa kitandani na viatu bado miguuni. Alikuwa na wazee wanane wa kuamsha, kuosha, kuvisha na kulisha. Mmoja wao alikuwa dereva wa basi enzi zake. Miguu yake haikufanya kazi tena, na siku nzima alikaa kwenye kiti cha magurudumu mbele ya televisheni, akitazama habari. Alipenda uji wake utiwe chumvi. Alimwita mke wangu mpenzi, neno ambalo huko, aliniambia akicheka, wanamwita hata muuza mkate. Nilijifanya sijali.

Jioni moja alinipigia akiwa na kisa cha mzee huyo. Televisheni ilikuwa inaonyesha boti za mpira zimejaa watu, zinavuka bahari kuingia Uingereza, na wanasiasa wakibishana juu yao. Mke wangu alikuwa amepiga magoti mbele ya mzee anamlisha. Mzee akasema wote warudishwe walikotoka, nchi imejaa. Kisha akatazama chini, akaona kijiko, akaona mkono ulioshika kijiko. Akasema, "Si wewe, mpenzi. Wale wengine."

Mke wangu alisimulia hayo akicheka. Mimi sikucheka. Aliniuliza kama mtandao umekatika.

Maneno hayo nilikuwa nimeyasikia, na kwa Kiswahili. Nikiwa shule ya upili, mwaka mmoja wa uchaguzi, madukani kulianza maneno kwamba watu wa kuja warudi makwao. Jirani yetu wa nje ya shamba, mtu aliyekuwa akituletea maziwa na baba akimpa miche ya sukuma wiki, alikuja nyumbani asubuhi moja akiwa na wasiwasi. Alimshika baba mkono, akamwambia, "Sisi hatusemi wewe. Wewe ni wetu. Ni wale wengine." Baba akamshukuru. Siku chache baadaye tulikuwa tumekimbilia uwanja wa kanisa pamoja na mamia ya watu, na magodoro yetu, na tukakaa hapo wiki tatu. Yule jirani alitulishia kuku wetu siku zote hizo, na tuliporudi hakuna hata mmoja aliyepotea. Alimaanisha alichosema. Lakini pale uwanjani, watoto tukiwa tunaongea kwenye foleni ya uji, niligundua kwamba karibu kila familia ilikuwa na jirani aliyewaambia maneno hayohayo.

Nilimkumbusha mke wangu habari hiyo. Tumeishi miaka mingi na jambo hilo lipo kati yetu, na hatulishiki mara kwa mara, kwa sababu jirani yule alikuwa wa kabila lake na sisi tulikuwa wa kabila langu.

"Huyu ni mzee mgonjwa," alisema. "Usimletee mambo ya huko."

"Mimi simletei. Ameyasema mwenyewe."

"Wewe hukai naye. Mimi ndiye ninayekaa naye."

Akakata simu. Siku mbili hatukuongea, isipokuwa kupitia kwa mtoto.

Uchaguzi wao ukaitishwa. Mke wangu alikuwa na miezi michache tu huko. Siku moja akaniambia, kwa sauti ya mtu asiyeamini anachosema, kwamba mwenzake wa kazini, mama mmoja kutoka Ghana, amemwelekeza ajiandikishe kupiga kura. Sheria yao inawaruhusu raia wa nchi za Jumuiya ya Madola wanaoishi huko kihalali. Nilidhani wamemdanganya. Nikasoma mimi mwenyewe, nikasoma tena. Ni kweli. Mke wangu, aliyefika juzi, ambaye hakuruhusiwa kwenda na mtoto aliyemzaa, aliruhusiwa kumchagua mbunge wao. Nilikasirika na kufurahi kwa pamoja, na sikujua nianze na lipi.

Kichwa changu kikavimba. Nilijiona nimepata kura moja katika bunge lile. Nikapakua ahadi za vyama vyote, nikazisoma stoo wakati wa mapumziko, kamusi ikiwa pembeni. Nilitafuta neno watunzaji kama mtu anayetafuta sindano iliyoanguka kwenye majani makavu. Chama kimoja kiliwasifu watunzaji kwa maneno matamu, na ukurasa uliofuata kikaahidi kupunguza wageni. Kingine kiliahidi kupunguza bila kusifu. Cha tatu hakikutaka kusikia habari ya mgeni hata kidogo. Katika midahalo waliulizana nani atapunguza zaidi, kama madalali wanaoshindana kushusha bei ya ng'ombe wa mtu mwingine. Kila mmoja alikuwa na idadi yake mdomoni. Nilisikiliza nikijua kwamba mke wangu yumo ndani ya idadi hizo, ila hazisemi kama amekula.

Hata hivyo nilichagua chama. Nikampigia, nikamwelekeza apigie kura nani na kwa nini, nikachukua karibu saa nzima. Alisikiliza akipaka mafuta miguu. Nilipomaliza akasema, "Sawa," kwa ile sauti ambayo kwetu haina maana ya sawa.

Siku ya kura, msimamizi wa nyumba ya wazee alimwomba amsukume yule dereva wa basi hadi kituo cha kura, kwa kuwa mke wangu naye alikuwa anakwenda. Kituo kilikuwa ukumbi wa kanisa, dakika kumi kwa miguu. Njiani mzee alimwambia bila kuficha atapigia kura nani. Ni chama kilekile kilichotaka milango ifungwe kabisa. Alisema hivyo huku mke wangu akimwekea blanketi vizuri magotini, maana upepo wa bahari ulikuwa mkali. Kule ndani mzee akapewa karatasi, akasukumwa hadi kwenye kibanda, akaweka alama yake. Kisha mke wangu akatoa pasipoti yake ya Kenya. Mama aliyekuwa mezani akaitazama, akafuata orodha kwa kidole, akampa karatasi na yeye. Wanapiga kura kwa penseli iliyofungwa kwa uzi. Jioni alininyooshea kidole kwenye kamera nione, hakikuwa na wino wowote, safi kama cha mtu ambaye hajapiga kura.

Nikamuuliza amempa nani.

"Kura ni siri, Baba Toto," akasema.

Serikali ikabadilika. Wiki kadhaa nilitembea kama mtu aliyeshinda. Nilimwambia binti yetu tungoje kidogo tu, mambo yatanyooka, watu wapya wameingia. Yeye alikuwa na miaka kumi na miwili wakati huo. Alikuwa akiniuliza kama huko shule wanavaa sketi au suruali, kama kuna uwanja wa netiboli. Nilimjibu yote, mengine nikayatunga.

Nikaendelea kusikiliza Jumatano hadi Jumatano. Majira ya baridi walibadilisha saa zao, na mimi nikahamia saa tisa. Nilisubiri mtu mmoja asimame aseme kuna wanawake wanaoosha wazazi wetu na watoto wao wako mbali, tufanye nini. Labda walisema siku ambayo sikusikiliza. Siku nilizosikiliza mimi, walizomeana. Sijaona watu wazima wanaozomeana kwa adabu namna ile, mmoja anamwita mwenzake mheshimiwa kisha anamchana.

Supavaisa wangu alinikamata alasiri moja. Ni mtu wa huku, anakaribia kustaafu, na hana maneno mengi. Nilidhani ataniandikia barua ya onyo. Badala yake akaketi kwenye gunia la pili, akauliza nasikiliza nini. Nikamweleza habari yote, ya mke, ya mtoto, ya wageni wanaotaka kupunguzwa. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akanyoosha kidole dirishani, kwenye mlima ule ambao chai yake huletwa kwetu kila asubuhi. Babu yake alizaliwa pale juu, akasema, akahamishwa na Waingereza walipotaka kupanda chai, na wazee wa ukoo wao wamekufa wakingoja mtu aombe radhi.

"Katika hayo yote unayosikiliza," akaniuliza, "sisi wametutaja?"

Nilifikiri nimpe jibu la kumpoza. Nikasema, "Siku nilizosikiliza mimi, hapana."

Akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu asichokusudia kununua. Akasimama, akapangusa suruali, akaniambia lori la chai kutoka Kedowa limefika, niende nikapokee. Tangu siku hiyo aliniacha nikae kwenye magunia. Ila kila Jumatano nilipopita mbele ya meza yake kurudi kazini, aliinua macho, nami nikatikisa kichwa, tukaachana hivyo.

Kisha yakaja matangazo. Sikuyasikia siku moja, yalikuja vipandevipande. Kwanza, wale watu wapya niliowatumaini wakasema hawatachukua tena watunzaji kutoka nje hata kidogo. Halafu wakasema mgeni anayetaka kukaa moja kwa moja hatangoja tena miaka mitano, atangoja kumi, na watu wa kazi kama ya mke wangu huenda wakangoja zaidi ya hapo. Nilikuwa nimeshahesabu kwa ile mitano. Ikiisha, angepata haki ya kukaa, na angeweza kutuita, binti yetu akiwa bado mtoto kisheria, kwa kubana sana. Kwa kumi, binti yetu atakuwa mwanamke mwenye kitambulisho chake. Nilichomoa waya sikioni. Mtu wa kumfokea hakuwepo. Nilirudi nikapanga upya shehena ambayo ilikuwa tayari imepangwa.

Jioni nilimweleza mke wangu. Alisema ameshasikia, televisheni ya mzee ilikuwa imewaka. Nikamuuliza mzee alisema nini. "Alilala," akasema.

Alikuja likizo Desemba, mara ya kwanza tangu aondoke. Tulimpokea Nairobi, tukafika nyumbani mchana. Binti yetu alikuwa amerefuka hadi begani kwa mama yake, na aliona haya. Alimsalimia kwa Kiingereza, kama mgeni wa shule. Mke wangu alimjibu kwa Kikipsigis, na mtoto akatazama sakafu. Siku mbili za kwanza mke wangu alilala. Miguu yake ilikuwa imevimba juu ya vifundo, na nilipoishika niliona alama ya kidole changu inabaki.

Siku ya tatu, baada ya chai ya asubuhi, nilitoa daftari langu. Nilikuwa nimeandika kila kitu, pendekezo kwa pendekezo, nani alisema nini na lini. Nikamwambia kwamba serikali yao inaomba maoni ya umma juu ya ile miaka, kwenye mtandao, na nimeshaandaa majibu yake. Nilianza kumsomea. Nilifika ukurasa wa pili.

"Funga hilo daftari," akasema.

Nikamwambia ni muhimu.

"Mimi hayo nayasikia mchana kutwa kazini, nikiwa nashika kinyesi cha watu. Nimekuja kwangu, na wewe umeniletea bunge lao mezani." Hakupaza sauti. "Hujaniuliza hata mara moja kama nina rafiki kule. Unajua jina la spika wao. Hujui mimi nakaa na nani."

Nilijitetea. Nilimwambia nafanya yote kwa ajili yake. Akasema anajua, na kwamba ndiyo maana hakuwahi kuniambia hayo. Halafu, kwa sababu tulikuwa tumeshaanza, akaniambia na kura aliipeleka wapi. Hakumpa mtu niliyemwelekeza. Kulikuwa na mgombea mmoja wa kujitegemea, mwanamume wa makamo, aliyefika kwenye nyumba ya wazee siku ya mvua kuomba kura za wazee. Wagombea wengine walipita moja kwa moja kwa wazee. Yeye alisimama kwenye ukumbi, akawasalimia wafagizi na watunzaji, akamuuliza mke wangu jina lake linatamkwaje, akalirudia hadi akalipata. Akapata kura chache mno, hakuna aliyemkumbuka kesho yake.

"Kura nzima," nikasema, "kwa mtu aliyejua kukuita?"

"Kulikuwa na mwingine?"

Nilikuwa na daftari zima la majibu na la swali hilo halikuwemo. Nilitoka nje nikapasua kuni ambazo hatukuzihitaji, na hasira yangu wakati huo sikujua ni ya nani. Niliwakasirikia wabunge, nikamkasirikia yule dereva wa basi ambaye sijawahi kumwona, nikajikasirikia kwa ule muhula mmoja tuliongoja. Jioni nilimuuliza kama ana rafiki. Akaniambia ni yule mama wa Ghana, na kwamba Jumapili huenda pamoja kanisani na kisha hula wali kwenye chumba chake, huku kila mmoja akimwonyesha mwenzake picha za watoto. Aliongea muda mrefu. Mengi nilikuwa siyajui.

Wiki ya pili tulikwenda Siongiroi kwa mama mkwe. Alitukaribisha kwa mursik, yale maziwa ya mgando ya kibuyuni, na ugali wa wimbi, akamkagua binti yake kutoka kichwani hadi miguuni. Baada ya kula, akauliza kwa upole, "Hao Wazungu mnaowaosha, wanasema nini juu yenu?"

Nilifungua mdomo. Mke wangu alinitangulia.

"Wanasema asante, mama."

Mama mkwe akaridhika, au alijifanya. Ni kweli wanasema asante. Mzee yule husema asante kila anapopanguswa mdomo, mke wangu ananiambia, hata kama nusu dakika iliyopita alikuwa anapiga makofi televisheni inapotangaza kwamba wageni watabanwa zaidi. Nimejaribu kumchukia nikashindwa kumaliza. Nimejaribu kumsamehe, nalo sikulimaliza.

Kule Siongiroi, tukiwa tumekaa nyuma ya nyumba, tulimwita binti yetu tumwambie ukweli. Tulikuwa tumekubaliana tangu njiani kwamba mke wangu atamaliza muda wa visa yake, halafu arudi nyumbani. Hatangoja miaka kumi. Atatafuta kazi kwenye hospitali za huku, au tufungue duka la dawa baridi, tutaona. Mimi ndiye niliyeanza kusema, nikazunguka, nikaingia kwenye habari ya sheria na mapendekezo. Binti yetu alinikatiza.

"Baba, mimi nilijua," akasema. "Nilijua tangu mwaka jana. Wewe ndiye ulikuwa unangoja."

Mama yake akamvuta, na safari hii mtoto hakuona haya. Walikaa hivyo, kichwa kwenye bega. Nilitaka kumuuliza kwa nini basi aliendelea kuniuliza habari za sketi na uwanja wa netiboli. Nadhani alikuwa ananionea huruma. Hilo limeniuma kuliko tangazo lolote la serikali yoyote.

Kabla hajarudi Uingereza, mke wangu mwenyewe alisema tujaze ile fomu ya maoni. Hakutaka majibu yangu niliyoyaandaa. Alichukua simu, akakaa kizingitini juani, akaandika kwa vidole viwili. Alieleza kazi yake kwa ufupi, saa anazoamka, wazee wake wanane. Akaandika kwamba ana mtoto wa miaka kumi na mitatu, na kwamba mtoto huyo amekua sentimita nyingi bila yeye kuwepo. Alinionyesha kabla ya kutuma. Kulikuwa na makosa mawili ya Kiingereza na nikanyamaza. Alibonyeza.

Jibu lilikuja papo hapo, barua ya mashine, ikimshukuru kwa kuchangia. Alirudi kazini Januari. Mzee bado yupo, televisheni bado inawaka, na juu ya fomu ile, hadi ninapoandika haya, hakuna aliyetuambia neno jingine.